Sabuni yangu ya mara ya pili inawasha ngozi, nimekosea wapi?

MamaPacha_Tanga

Habari za mida hii wadau. Naombeni msaada maana nimechanganyikiwa na ndo kwanza nimeanza.

Niko Tanga, natengeneza sabuni za kuogea za asili hapa hapa nyumbani. Nilijifunza kwenye kozi ya wasap, tulilipa elfu ishirini kwa siku tano, mwalimu anarusha voisi na picha basi, ukiuliza swali anakujibu kesho. Risipi aliyotupa ni mafuta ya nazi kilo moja, kostiki (kostiki soda, ile kemikali kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni) gramu 170, maji gramu 350, unakoroga mpaka iwe kama uji wa mgonjwa, unamimina kwenye boksi, kesho yake unakata.

Mara ya kwanza nikapata vipande 14 na jamani zilikuwa nzuri, nyeupe pee, povu mpaka kero. Nikauza zote ndani ya wiki mbili kwa 1,500 kila kipande na wateja wengine wakarudi kuulizia.

Sasa mara ya pili mafuta ya nazi yakapanda bei, nikasema isiwe tabu, nikaweka nusu nazi nusu alizeti, kostiki ile ile 170, maji yale yale, nikaongeza na unga wa mwarobaini vijiko viwili. Zikatoka 14 tena ila juu zimeota unga mweupe kama chumvi. Kipande kimoja nikampa jirani ajaribu, kingine nikampelekea mama mkwe. Kesho yake asubuhi jirani huyo mlangoni, shingo nyekundu, anasema ni kama kapakwa pilipili. Mama mkwe hajasema neno ila nilivyoenda kumsalimia sabuni nimeikuta kwenye karo la vyombo 😩

Je ni mwarobaini? Au alizeti imechakachuliwa? Na hivi vipande 12 nilivyobaki navyo nivitupe? Alafu sufuria niliyokorogea kostiki imekuwa nyeusi na ilikuwa inachemka yenyewe bila moto, hiyo ni kawaida? Naomba msinicheke.

Kijana wa Chumbageni

Elfu ishirini umelipia voisi, dada yangu 😂😂 sasa mama mkwe ndo mkaguzi wa viwango, akikupitisha huyo umemaliza.

tausi_wa_kale

Pole mpenzi. Mimi nilivyosikia sabuni ikiwasha unakamulia ndimu mbili au siki unaiyeyusha tena inapoa, acidi inaua kostiki. Jaribu.

Fundi Povu

Dada usikamulie ndimu kitu chochote kwanza. Nijibu maswali matatu ndo tuongee.

Moja, mafuta uliyapima kwa mzani au kwa lita? Mbili, kostiki ya mara ya kwanza na ya mara ya pili ilitoka kopo moja? Tatu, jirani ulimpa sabuni ina siku ngapi toka uikate?

Na hiyo sufuria ni ya alumini eeh? Usiitumie tena kabisa, nitakueleza.

MamaPacha_Tanga

Asante kaka. Mzani ninao ule mdogo wa jikoni, kostiki na maji nilipima nao, ila mafuta yalikuja kwenye chupa ya lita moja kwahiyo nikajua ndo kilo. Ya pili ni nusu lita na nusu lita.

Kostiki ya kwanza nilipewa na rafiki yangu anayetengeneza sabuni za mche, ilikuwa kwenye mfuko wazi imeshaanza kugandana mabonge. Ya pili nilinunua kopo jipya, kilo elfu tano. Nazi nilinunua lita 12,000 mara ya kwanza, sasa hivi imefika 15,000.

Jirani nilimpa siku ya nne. Sufuria ndiyo, ya alumini.

Fundi Povu

Haya, kaa kitako maana hapa kuna makosa matatu yamekutana na mwarobaini anasingiziwa tu. Alizeti nayo haina kosa.

Kila aina ya mafuta ina kiwango chake cha kostiki inachoweza kula ikageuka sabuni. Gramu moja ya mafuta ya nazi inakula kostiki gramu 0.183. Alizeti inakula 0.135 tu. Mawese 0.141, nyonyo 0.128. Nazi ndo mlafi kuliko wote hapo. Kwahiyo ukitoa nazi ukaweka alizeti lazima kostiki ipungue, usipopunguza ile iliyobaki haina wa kumla, inabaki ndani ya sabuni inamsubiri jirani yako.

Tupige hesabu yako. Lita sio kilo. Mafuta yanaelea juu ya maji si ndio, maana yake ni mepesi, lita moja ya mafuta inakuja kwenye gramu 920 hivi. Mara ya kwanza basi ulikuwa na nazi 920, zidisha kwa 0.183 unapata 168. Wewe umeweka 170. Yani ulikuwa unatembea ukingoni mwa shimo usiku bila tochi. Kilichokuokoa ni ile kostiki ya rafiki yako, kostiki ikiachwa wazi inavuta unyevu wa hewa na hapo Tanga na joto lenu la pwani ndo usiseme, ikishagandana mabonge ujue katika gramu 170 ulizopima nyingine ni maji tu. Ulipona kwa bahati.

Mara ya pili: nazi 460 inakula 84, alizeti 460 inakula 62, jumla 146. Umeweka 170, tena ya kopo jipya, kali. Kama gramu 24 zimebaki hazina kazi. Hiyo ndo pilipili ya jirani.

Mwalimu wako risipi yake haikuwa mbaya, kilo kamili ya nazi inahitaji 183, yeye kasema 170 ili mafuta kama asilimia 7 yabaki hayajageuka, hayo ndo yanalainisha ngozi. Ila alitakiwa awaambie kwamba ile namba ni ya nazi peke yake na ni ya mzani. Huko mtandaoni kuna vikokotoo vya bure, kuna SoapCalc, unajaza aina ya mafuta na uzito inakupa kostiki na maji. Kila ukibadili mafuta hata kidogo, rudi kwenye kikokotoo.

Ule unga mweupe juu usikutishe, hiyo ni kostiki ya usoni imekutana na hewa ikageuka magadi, unakwangua kwa kisu au unafuta na kitambaa chenye maji. Hata sabuni nzuri inaota. Ukifunika boksi na nailoni siku ya kwanza inapungua.

Siku nne pia ni mapema mno. Unakata, unapanga kwenye chekecheke au tenga hewa ipite, wiki nne mpaka sita. Inakauka, inakuwa ngumu, haiyeyuki bafuni. Ila tuelewane, kukomaa hakutoi kostiki iliyozidi kwa gramu 24, hata ukiiweka mpaka Idd.

Ngoja nile nitarudi na habari ya hivyo vipande 12.

Kijana wa Chumbageni

Fundi umeniacha hoi. Kumbe ni hesabu za darasa la sita.

tausi_wa_kale

Na ndimu je? Acidi si inaua kostiki kweli?

Fundi Povu

Inaua kweli dada Tausi, ila utajuaje umeua kiasi gani? Ukizidisha unaivunja na sabuni yenyewe, mafuta yanajitenga yanaelea. Kostiki iliyozidi dawa yake ni kuipa mafuta ya kula.

MamaPacha fanya hivi. Vipande 12 vikwangue kwenye kikwangulio cha karoti, vaa glovu. Weka kwenye bakuli la stenlesi juu ya sufuria ya maji yanayochemka, ongeza maji robo kikombe, mafuta ya nazi gramu 150 (kwa mzani!), moto mdogo, geuza taratibu kama saa nzima na nusu mpaka iwe kama ugali laini wa kung'aa. Hiyo 150 inatosha kumeza kostiki iliyobaki na kuacha ziada kidogo. Shindilia kwenye boksi. Itatoka mbaya sura, ina mabonge, wala usiwauzie watu ya kuogea. Fulia nguo.

Kabla ya kumpa mtu yeyote lamba kwanza. Sio utani. Lowesha kidole, sugua kwenye sabuni, gusisha ncha ya ulimi. Ikikupiga shoti kama tulivyokuwa tunalamba betri za redio utotoni, bado. Ikiwa na ladha ya sabuni tu, imetulia.

Na ukitaka kuchanganya mafuta, mimi natumia hii kwa kilo moja: nazi 400, mawese 400, alizeti 150, nyonyo 50. Kostiki 148, maji 300. Nazi inaleta povu, mawese ugumu, nyonyo inashika povu lisikimbie. Mawese ya Kigoma mekundu yanakupa sabuni ya rangi ya chungwa bila kuweka rangi yoyote. Alizeti usivuke hapo, ikizidi sabuni inachacha kabatini, inatoa madoadoa na harufu ya mafuta ya chipsi yaliyolala. Na nazi tupu kwa asilimia 7 kama ya mwalimu inasafisha sana mpaka inakausha, nazi tupu wengi wanaacha mafuta mpaka asilimia 20.

Bi Mwanaidi

Mimi sijui hesabu zenu ila nataka kusema hili la kostiki. MamaPacha jina lako linaniambia una watoto wadogo nyumbani, tena wawili wa rika moja.

Nilishawahi kuchanganya kostiki na maji nikaiacha ipoe kwenye jagi la plastiki juu ya meza ya jikoni. Ikishapoa ni nyeupe kama maji, haina harufu, haina kitu. Nimegeuka kutafuta mwiko, mwanangu wa miaka minne kashashika kikombe anataka kujimiminia. Nilipiga ukelele mpaka akaangusha kikombe. Miguu yangu haikuwa na nguvu siku nzima. Kostiki ikipita kooni inaunguza njia ya chakula, na makovu yake mtoto anaishi nayo.

Kwahiyo usiweke kamwe kwenye chupa ya maji wala ya soda, hata kwa dakika tano. Fungia kabatini, andika, watoto wawe shule ndo ufanye hiyo kazi. Miwani ya kuzuia macho, glovu ndefu, dirisha wazi. Kostiki ndo inamiminwa kwenye maji, kidogo kidogo, sio maji kwenye kostiki, ukibadilisha inaruka. Inapata moto karibu na kuchemka bila jiko. Ikikurukia, maji ya bomba mengi kwa muda mrefu, usihangaike na siki kwenye ngozi, na ikiingia jichoni unaosha huku unaelekea hospitali.

Sufuria ya alumini mwenzangu, kostiki inaila, ule mchemko uliouona ni gesi inatoka na inashika moto. Tumia plastiki ngumu au stenlesi. Hiyo sufuria nyeusi usiirudishe kwenye wali.

mchumi_wa_mtaa

Poleni na hongereni kwa darasa. Mimi naomba niseme ambalo hakuna aliyeligusa. Dada hata zile sabuni nzuri ulikuwa unauza hasara.

Chukua bei zako. Nazi 15,000. Kostiki gramu 170 kwa elfu tano kilo ni 850. Tuseme mwarobaini na marashi 1,500, karatasi na lebo 250 kila kipande ni 3,500. Jumla 20,850. Umeuza 14 kwa 1,500 umepata 21,000. Faida shilingi 150. Sio kwa kipande, kwa zote kumi na nne! Hapo hujalipa bodaboda, hujahesabu masaa yako, na umempa jirani moja bure, umeshaingia hasara tayari. Hata kwa nazi ya 12,000 ulikuwa unabaki na 3,150, nauli ya kwenda kutafuta mafuta inaimaliza.

Na ukifuata Fundi ukaweka kilo kamili badala ya lita, mafuta yanaongezeka kidogo, gharama inapanda tena.

Sabuni ya kiwandani huwezi kushindana nayo kwa bei, usijaribu, wale wananunua mafuta kwa matanki. Mteja wa 1,500 sio wako. Wako ni yule anayetoa 3,000 au 4,000 kwa sababu ni ya mkono, imefungwa vizuri, ina harufu ya kwenu. Pangani kuna lodji za ufukweni, Lushoto kuna wageni, wanataka sabuni ndogo za chumbani, kata vipande vya gramu 30. Ila madukani angalia sana mali kauli, mimi nimeacha sabuni 40 kwenye duka moja, miezi mitatu naambiwa "bado hazijatoka" na rafu imeshajaa bidhaa nyingine. Siku hizi naacha kumi, nikilipwa naongeza.

Alafu uzito. Kipande ukikikata leo kina gramu 100, baada ya wiki tano maji yametoka kimebaki 88. Lebo iandike uzito wa kikavu. Kuna mteja ana mzani kama wako.

Fundi Povu

Mchumi kanyoosha. Shilingi 150 🤣 pole dada, lakini bora ujue sasa hivi.

Jokha wa Unguja

Asalaam aleykum ndugu zangu wa bara. Naona mmesahau kuwa sabuni yataka na jina la kwao. Huku kwetu mwani umelimwa kwa biashara tangu 1989, na mkulima akiuuza mkavu kwa kilo anapata vijisenti, mwanamke anashinda majini mgongo umepinda. Sasa kina mama wa Paje na kwengineko wakaona bora wausage wautie kwenye sabuni, na karafuu, na mdalasini, na mchaichai, mgeni ananunua kipande kimoja kwa bei iliyokuwa ya kilo kadhaa za mwani. Mwani ni ule ule.

Sasa wewe wa Tanga una nini? Una nazi, una iliki na mdalasini wa Amani huko Muheza, una karafuu. Na liwa, ule mti wa kunukia bibi zetu waliokuwa wanausugua kwenye jiwe, unga wake kijiko kimoja katika kilo ya mafuta, sabuni inakuwa na harufu ya bibi harusi. Hiyo hakuna kiwanda kinachokuletea.

Tahadhari moja bibie, mafuta ya karafuu uweke kidogo mno, gramu 5 kwa kilo ya mafuta usizidishe. Yanawasha ngozi, na halafu sabuni inaganda ghafla kwenye bakuli kabla hujaimimina. Mimi ya kwanza niliitoa kwa kijiko cha chuma, imekuwa jiwe.

Mkazi wa Kisauni

Hapa Mombasa maji yetu mengi ni ya kisima, ya chumvi, sabuni zingine hata usugue aje hazitoi povu, zinaacha utando kwa ndoo. Ya nazi ndio inafanya vizuri kwa maji ya chumvi, hata baharini inatoa povu. So usitoe nazi kabisa ukifuata bei. Na maji ya kuchanganyia kostiki tumia ya mvua au yale yaliyosafishwa ya betri, sio ya kisima.

mchumi_wa_mtaa

Nimesahau la vibali. Sabuni ya kuogea inahesabiwa kipodozi, na vipodozi toka 2019 vilitoka TFDA (mamlaka ya chakula na dawa) vikahamia TBS (shirika la viwango), TFDA yenyewe ikageuka TMDA ikabaki na dawa na vifaa tiba. Anzia SIDO ya mkoa, wao ndo kazi yao kushika mkono wadogo kama sisi, wanafundisha sabuni uso kwa uso (sio voisi), na watakuelekeza njia ya kwenda TBS. Jina la biashara ni BRELA, unafanya mwenyewe mtandaoni, usimpe mtu laki.

Na lebo yako isiseme inatibu. Najua mwarobaini tunauamini wote, ila ukiandika "inatibu fangasi na chunusi" umeshatoka kwenye kipodozi umeingia kwenye dawa, na hapo watakuja watu wengine. Andika ina mwarobaini, mteja atamalizia mwenyewe. Pia akija mtu anakushauri utie kitu cha kung'arisha ngozi ili iuze, mfukuze. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku na zinaharibu watu.

MamaPacha_Tanga

Wadau nimerudi, samahani nilikaa kimya wiki sita, nilikuwa nafanya kama mlivyosema.

Vile vipande 12 nilivikwangua nikayeyusha na nazi 150. Fundi ulisema itatoka mbaya lakini hukusema mbaya kiasi hiki 😂 kama ugali wa jana uliokatwa kwa panga. Nililamba, haina shoti. Nafulia sare za watoto, zinatakata.

Alafu nikatengeneza ile ya mawese, nazi, alizeti na nyonyo, nikapima kila kitu kwenye mzani hata maji, kwenye ndoo ya plastiki, watoto kwa bibi yao. Imetoka rangi ya embe bivu. Nilikata 14, nimekaa nazo wiki tano uvunguni kwenye tenga, nikawa nazilamba kila Jumapili mpaka mume wangu akauliza kulikoni. Kipande kilikuwa gramu 103, leo kimesoma 91.

Nimeweka bei 3,500. Lodji moja ya Pangani wamechukua nane kwa pesa taslimu, nilikataa mali kauli kama nimezaliwa nayo hiyo roho. Moja nimempelekea jirani, kaipokea kwa ncha za vidole. Juzi kaja kuulizia kama nina nyingine, nikamwambia zipo, 3,500, akasema "hee, na shingo yangu je?" Nimempa.

Mama mkwe bado sijampelekea, naogopa karo.

Swali langu lingine, zina vitone vya maji juu kama zinatoka jasho hasa mvua zikinyesha. Ni kostiki tena?

Fundi Povu

Hapana, hiyo ni gliserini, inavuta unyevu wa hewa, kawaida kabisa kwa watu wa pwani. Ziweke sehemu kavu feni ipite, usizifunge na nailoni ya kubana, tumia karatasi. Na mama mkwe mpelekee bwana.

Kijana wa Chumbageni

Mpelekee mbili. Moja ya karo.